Printa haisikii hodi ya kishikwambi

Juma hili nataka tuizungumzie mashine ndogo iliyokwisha kuingia katika nyumba nyingi za mijini, nayo ni printa inayofanya kazi bila waya. Wengi walioniandikia juu yake wana lalamiko moja. Simu inaingia kwenye Wi-Fi, kishikwambi kinaingia, na taa ya printa inawaka vizuri bila kupepesa. Lakini mtu akibonyeza neno la kuchapa, anajibiwa kwamba hakuna printa iliyopatikana. Wako walioambiwa na mafundi kwamba mashine imekufa, wakaiweka juu ya kabati pamoja na pasi mbovu. Aghalabu haijafa.

Najua wapo watakaouliza kwa nini tujisumbue, maadam steshenari zipo kila kona na ukurasa mmoja unachapwa kwa shilingi mia chache. Jibu langu ni kwamba tuangalie kinachochapwa. Mtu haendi steshenari na mashairi yake. Anakwenda na fomu ya pasipoti, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, mkataba wa pango, majibu ya hospitali, na nakala ya kitambulisho chenye sahihi yake. Ili vichapwe, anavituma kwa WhatsApp kwenye simu ya duka, au anachomeka flashi katika kompyuta ambayo tangu asubuhi imekwisha kuchomekwa flashi za watu arobaini. Karatasi anaondoka nayo, faili linabaki pale, na hakuna ajuaye litakaa miaka mingapi wala litafunguliwa na nani.

Kwa walimu jambo hili ni zito zaidi. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa walimu wa shule za serikali. Hilo lilikuwa jambo jema. Leo mwalimu anaweza kutunga mtihani akiwa sebuleni kwake usiku, watoto wamelala. Lakini mtihani uliotungwa kwa siri nyumbani ukienda kuchapwa dukani, siri imekwisha. Jirani yangu mmoja, mwalimu wa hisabati, alikwenda kuchapa mtihani wake wa mwisho wa muhula na kuona katika kompyuta ya duka mtihani wake wa muhula uliotangulia, jina la shule likiwa juu, pamoja na mitihani ya walimu wengine watatu. Kijana wa duka hakuwa na nia mbaya, ila hakuna aliyemwambia afute. Mwalimu akarudi nyumbani, siku iliyofuata akanunua printa. Wiki mbili baadaye printa ile ikaacha kuonekana katika kishikwambi, na fundi akataka shilingi 80,000 za kubadilisha alichokiita kadi ya mtandao.

Kabla sijaeleza tulivyofanya, ni lazima tuelewe kishikwambi kinaipataje printa. Zamani kila printa ilikuja na santuri yake ya programu, na usipoiweka katika kompyuta hupati kitu. Vishikwambi havina pa kuingizia santuri. Kwa hiyo Novemba 2010 kampuni ya Apple ilileta utaratibu wa AirPrint, ambao unaiwezesha iPad kuchapa bila programu ya ziada. Mwaka 2013 Canon, HP, Samsung na Xerox waliungana kuunda umoja unaoitwa Mopria kwa madhumuni kama hayo, na kuanzia toleo la 8 la mwaka 2017, Android ina huduma ya kuchapa ndani yake yenyewe. Palikuwa pia na njia ya kuchapa kupitia mitambo ya Google, iliyoitwa Google Cloud Print. Hiyo ilifungwa Desemba 31, 2020. Kwa hiyo kijitabu cha printa yako kikikwambia uitumie, kiweke pembeni. Kinakuelekeza kwenye mlango uliozibwa.

Sasa basi, taratibu hizi mpya zote zinategemea jambo moja. Ukibonyeza neno la kuchapa, kishikwambi kinapiga hodi. Hakipigi kwenye mlango mmoja, kwa sababu hakijui printa inakaa wapi. Kinapaza sauti katika mtandao mzima wa nyumba: hapa pana printa? Printa ikisikia inaitika, inataja jina lake, anwani yake, na kama inaweza rangi au nyeusi tu. Mambo hayo yanatimia kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, nawe unaona jina la printa limejitokeza. Lakini sauti hiyo kwa kawaida haivuki ua wa nyumba. Inaishia ndani ya mtandao uleule ambamo kishikwambi kimo. Printa ikiwa katika mtandao mwingine, hata kama vyote viwili viko juu ya meza moja, haisikii hodi na haitaitika.

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Wanadhani kwamba maadam vyombo vyote viwili vina Wi-Fi, basi viko pamoja. La hasha. Ruta moja inaweza kutoa mitandao miwili au mitatu yenye majina yanayofanana. Mmojawapo mara nyingi ni mtandao wa wageni. Huo mfano wake ni nyumba ya kulala wageni: kila mpangaji anapata maji na umeme, lakini milango imefungwa na hakuna ruhusa ya kumgongea mwenzako. Ruta imeuweka hivyo makusudi, ili mgeni anayepita asiingie katika vyombo vya mwenye nyumba. Ni ulinzi mzuri sana, na ndio unaokunyima printa.

Nyumbani kwa mwalimu tulianza na jambo dogo kuliko yote. Nilimwomba aweke karatasi yoyote juu ya kioo cha printa atoe kopi. Kopi ikatoka safi. Jaribio hili halina gharama, nalo linaligawa tatizo vipande viwili. Kopi ikitoka, basi wino upo, karatasi haijakwama, na mwili wa mashine ni mzima. Kilichobaki ni mawasiliano. Kopi ikitoka tupu au yenye mistari, usihangaike na Wi-Fi hata kidogo. Huo ni ugonjwa wa wino au wa matundu yanayoutoa, na dawa yake ni kuyasafisha kwa kufuata menyu ya printa yenyewe.

Jambo la pili tuliitaka printa ijieleze. Karibu kila printa ya Wi-Fi ina kitufe chenye alama ya herufi i, au sehemu katika menyu yake, ya kuchapa ukurasa wa taarifa za mtandao. Hiyo ni karatasi ya thamani kuliko maneno ya mafundi kumi. Imeandikwa jina la Wi-Fi ambayo printa imo, na anwani yake, ambayo ni namba nne zilizotengwa kwa nukta. Ya mwalimu ilisomeka 192.168.1.34. Kisha tukafungua mipangilio ya kishikwambi, tukagusa jina la Wi-Fi, na kishikwambi nacho kikatupa anwani yake: 192.168.3.12. Katika ruta nyingi za nyumbani, vyombo vya mtandao mmoja hufanana namba tatu za mwanzo na kutofautiana ya mwisho tu. Hapa namba ya tatu ilikuwa 1 kwa printa na 3 kwa kishikwambi. Fundi wa shilingi 80,000 angeweza kubadilisha kadi hata mara tano.

Ikadhihirika kwamba kijana wake, kwa nia njema kabisa, alikuwa amewapa dada zake wa shule mtandao wa wageni ili asiwagawie neno la siri la ruta, na siku hiyohiyo akakihamisha kishikwambi cha mama yake. Tukakirudisha kwenye mtandao wa nyumba. Jina la printa likajitokeza kabla sijamaliza kukunja ile karatasi.

Iwapo namba zako zinalingana na printa bado haionekani, fanya jaribio la tatu. Fungua kivinjari katika kishikwambi, pale juu unapoandika anwani za tovuti, andika namba za printa kama zilivyo kwenye karatasi. Ukiona ukurasa wenye jina la printa na kiasi cha wino, njia iko wazi, na kasoro iko katika huduma ya kuchapa ya kishikwambi chenyewe. Kivinjari kinaweza kukuonya kwamba ukurasa huo si salama. Kwa printa iliyo mbele ya macho yako onyo hilo ni la kawaida. Katika Android ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya uchapishaji, hakikisha huduma imewashwa, na mara nyingi hapo utaruhusiwa kuongeza printa kwa kuandika anwani yake, hivyo hodi haihitajiki tena. Na kama ukurasa haufunguki, ruta inawatenganisha. Zipo ruta zenye kipengele cha kuwazuia watumiaji wa Wi-Fi wasionane hata ndani ya mtandao mmoja. Kizime, au mwombe aliyekufungia ruta akizime. Angalia vilevile kama kishikwambi kina programu ya VPN inayofanya kazi. Programu hizo hupitisha mawasiliano yako yote katika njia iliyofichwa, na baadhi yake huyasahau kabisa majirani wa chumba kimoja. Izime, chapa, kisha iwashe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vijitabu vilivyoandikwa ng'ambo havilisemi, maana kwao si la kila juma. Umeme. Umeme unapokatika na kurudi, vyombo vyote vya nyumba vinaamka kwa pamoja, lakini haviamki kwa kasi moja. Printa ndogo inaweza kuwa tayari kwa nusu dakika. Ruta huchukua dakika mbili, pengine tatu. Printa inatafuta mtandao, inaukosa, na baadhi ya printa zikikosa hukata tamaa na kujipa anwani zenyewe. Anwani hizo za kujipa huanza na 169.254. Narudia kwa wenye kalamu: 169.254. Ukiziona kwenye karatasi ya taarifa, ujue printa haikupewa anwani na ruta, imejitungia. Dawa ni kuzima printa, kusubiri ruta itulie, kisha kuiwasha tena. Nawashauri wenye tabia ya kuacha printa ikiwa imechomekwa usiku na mchana waichomoe umeme unapokatika, waichomeke ruta ikiwa tayari. Hata kwa usalama wa mashine, umeme unaporudi kwa kishindo si rafiki.

Kuna na matatizo ya pili ya umeme. Ruta hugawa anwani kama mwenye gesti anavyogawa vyumba. Ikizimika ghafla, inaweza kusahau nani alikuwa chumba gani. Printa iliyolala jana ikiwa 34 inaamka leo ikiwa 37, na kishikwambi ulichokiandikia 34 kinagonga chumba kisicho na mtu. Ndiyo maana watu wanasema printa yao ina pepo: Jumatatu inachapa, Jumatano inakataa. Hapana pepo. Ingia katika mipangilio ya ruta, utafute sehemu ya kutenga anwani, umwekee printa chumba chake cha kudumu. Ruta itaitambua printa kwa ile namba ndefu ya kiwandani, yenye tarakimu na herufi, iliyoandikwa pia kwenye karatasi ya taarifa. Kazi hii ni ya dakika kumi na inafanywa mara moja.

Wengi wameniuliza kama bando likiisha printa inaacha kufanya kazi. Nafurahi swali hili limeulizwa, kwa sababu imani hiyo imewafanya watu wanunue vifurushi wasivyovihitaji. Karatasi inayochapwa kwa AirPrint au kwa huduma ya Android inatoka kwenye kishikwambi, inapita kwenye ruta, inaingia kwenye printa. Haitoki nje ya nyumba. Haihitaji hata megabaiti moja ya intaneti. Isipokuwa kama faili lenyewe bado liko mtandaoni na hujalipakua, au kama ulinunua mojawapo ya printa zinazouzwa kwa masharti ya kuunganishwa na intaneti wakati wote. Masharti hayo huandikwa kwenye boksi kwa herufi ndogo, nami sioni sababu ya mtu wa mjini kwetu kuyakubali. Baadhi ya programu za watengenezaji pia hukutaka uingie kwa akaunti kabla ya kuchapa. Basi zikwepe, tumia huduma iliyomo katika kishikwambi.

Wasio na ruta wanatumia hotspoti ya simu. Inawezekana, ila simu za siku hizi mara nyingi hurusha mawimbi ya GHz 5, na printa nyingi, hasa za bei nafuu na za zamani, husikia GHz 2.4 peke yake. Ndiyo sababu kishikwambi kinaiona hotspoti na printa haiioni. Katika mipangilio ya hotspoti chagua 2.4. Ukiwa na ruta yenye majina mawili, moja likiishia na 5G, hiyo 5G si ile ya minara ya simu; ni mawimbi hayohayo ya GHz 5. Printa iunganishe na jina lile lingine.

Mengine nitayapitia haraka. Mkibadilisha ruta, printa inaendelea kumwita marehemu. Ama uifundishe mtandao mpya kwa menyu yake, ama uipe ruta mpya jina na neno la siri vilevile kama vya zamani, na vyombo vyote vitaingia vyenyewe. Ruta mpya ikiwa imefungwa kwa ulinzi wa WPA3 peke yake, printa ya miaka mingi haiujui; chagua ule unaochanganya na WPA2. Kiongeza mawimbi cha chumba cha nyuma kikigawa anwani zake, umejenga nyumba mbili bila kujua, na zile namba tatu zitakuumbua. Kazi moja iliyokwama huzuia zote zilizo nyuma yake. Ifute kwenye kishikwambi na kwenye printa pia.

Na ukishindwa kabisa usiku, mtihani ni kesho? Printa nyingi zina uwezo wa kurusha Wi-Fi yake yenyewe, ambayo jina lake huanza na neno DIRECT. Pakua faili kwanza, kwa sababu ukijiunga na Wi-Fi hiyo kishikwambi kinaweza kukosa intaneti. Kisha chagua jina hilo, andika neno la siri lililo kwenye karatasi ya taarifa, na uchape. Hapo hakuna ruta wala mtandao wa wageni, kishikwambi kinazungumza na printa uso kwa uso. Mwalimu niliyemtaja sasa anafanya hivyo umeme ukikatika, printa akiichomeka kwenye betri ya sola ya mumewe, ingawa mume analalamika kwamba taarifa ya habari inamkatikia.

Naonya mambo mawili. Ukitafuta msaada mtandaoni, utakutana na namba za simu za watu wanaojifanya mafundi wa kampuni iliyotengeneza printa yako. Watakuomba uwaruhusu waingie katika kompyuta yako, au ulipe kwanza. Usiwapigie. Namba ya kuamini ni ile iliyo kwenye kijitabu au tovuti ya kampuni yenyewe. Pili, ile Wi-Fi ya printa inayoanza na DIRECT katika baadhi ya mashine hutoka kiwandani na neno la siri la 12345678, na jirani wa ukuta wa pili anaijua kama wewe. Ibadilishe leo, na siku utakapoiuza au kuitoa printa, irudishe kwanza katika hali ya kiwandani kwa menyu yake, maana imehifadhi neno la siri la Wi-Fi ya nyumba yako.

Juma lijalo, panapo majaliwa, tutaitazama katriji: kwa nini inadai wino umekwisha wakati ukiitikisa bado unasikia.